Karani wa Harlan Ford na Sheria ya Mahema

Verlene Tuttle alikuwa karani wa baraza la mji wa Harlan Ford kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kujua anampigia kura nani. Si kwamba hatukujaribu. Mji wetu ni mdogo, ukipiga chafya asubuhi jioni unaletewa supu, na tukikosa kujua jambo la mtu hatupati usingizi. Tulimvizia dukani. Tulimvizia kanisani. Tulimvizia hata saluni akiwa na dawa kichwani, hana pa kukimbilia. "Verlene, tuambie basi, hili suala la maji wewe unalionaje?" Naye anajibu bila kupepesa macho, "Naliona ni la tatu kwenye ajenda." Ukimkazania zaidi anakuuliza hali ya mama yako.

Aliingia ofisini pale ana miaka thelathini na mitatu, kazi yake kupiga chapa. Karani aliyekuwepo, bibi mkali ajabu, alimkalisha siku ya kwanza akamwambia, "Hapa wewe huna maoni. Una kalamu." Wengine tungeambiwa hivyo tungecheka tukasahau. Verlene aliyachukua maneno yale akaenda nayo mpaka nyumbani. Mumewe Gene, Mungu amrehemu, alikuwa akilalamika kwamba akimuuliza mkewe filamu ilikuwaje anajibiwa ilianza saa ngapi na ikaisha saa ngapi. Gene alikuwa mtu wa utani sana. Alifariki miaka sita iliyopita, binti yao Marcy akawa ameshaolewa Idaho, na Verlene akabaki peke yake katika nyumba ya Mtaa wa Tatu, pamoja na paka mmoja mnene asiye na shukrani.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kusoma. Katiba ya mji wetu, iliyoandikwa na wazee waliokuwa na muda mwingi kuliko sisi, inasema sheria haipiti mpaka karani aisome kwa sauti ukumbini, neno kwa neno, mwanzo hadi mwisho. Njia ya kukwepa ipo moja: madiwani wote wakikubaliana, kinasomwa kichwa cha habari tu. Miji mingine hukubaliana, maisha yanaendelea. Sisi tuna Ione Beasley.

Ione ana miaka themanini na miwili, ni diwani tangu enzi na enzi, na kila sheria inapofika meya anauliza, "Kuna pingamizi tukisoma kichwa tu?" Ione anainua kidole. "Isomwe yote." Ukumbi mzima unaguna. Watu wanasema ni ubishi wa uzee. Verlene peke yake ndiye aliyejua. Siku moja alimpa Ione karatasi juu chini kwa bahati mbaya, na Ione akaitazama vizuri, akatikisa kichwa, akasema ameielewa. Macho yalikuwa yameondoka na mama wa watu alikuwa anaona haya kusema. Tangu siku hiyo Verlene alisoma taratibu zaidi na hakumwambia mtu. Mimi nimekuja kuambiwa na Ione mwenyewe, tena juzi juzi tu.

Sasa, hii sheria ya mahema. Miaka miwili nyuma baraza letu lilipitisha marufuku ya kupiga kambi: hakuna hema, hakuna blanketi, hakuna kulala mahali popote pa umma, mchana wala usiku. Watu watatu waliokuwa wakilala kando ya mto wakapata mawakili wa bure, wakaenda mahakamani. Jaji akawauliza wakubwa wetu swali moja: mtu asiye na nyumba katika mji huu, alale wapi? Wakaanza kupekua makaratasi. Jaji akasema sheria za jimbo letu la Oregon zinataka masharti ya namna hiyo yawe na akili ndani yake, na mji usiomwachia mtu pa kujilaza hata saa moja hauna akili hiyo. Rudini mkairekebishe, akawapa mwisho wa Juni. Wakati wakisubiri, mji ukaweka utaratibu wa muda: watu walale kwenye uwanja wa kokoto nyuma ya kituo cha zamani cha zimamoto, kuanzia saa tatu usiku, na saa moja asubuhi kila kitu kiwe kimekunjwa na kuondolewa, hema, mzigo na mwenyewe.

Mmoja wa wale watatu alikuwa Dwight Pomeroy. Dwight kaendesha basi la shule hapa kwa miaka ishirini na tisa. Nusu ya mji huu amewahi kuipigia kelele ikae chini. Nyonga ilipoharibika wakamwekea chuma, chuma nacho kikakataa kukaa vizuri, leseni ya basi ikaenda. Mwenye nyumba aliyempangisha akauza, na nyumba nyingine za kupanga zilikuwa zimeshapanda bei mpaka hata walimu wanakimbia. Ana miaka sabini na mmoja. Tulimpenda sana Dwight. Tulimpenda huku tukipita na magari yetu, ndiyo hivyo, na mimi nikiwemo.

Jaji alikuwa ameagiza kwamba tangazo la kila kikao kuhusu sheria hii libandikwe pia pale wanapolala wahusika. Kwa hiyo Verlene, juu ya kubandika posta, maktaba na ofisi ya mji, alikuwa anakwenda na karatasi yake mpaka kwenye kokoto. Juni ile alikwenda mapema, kabla ya kazi, maana wahusika wenyewe saa moja ikifika wametawanyika.

"Wee Verlene!" Dwight akamwona kwa mbali. "Barua nyingine ya mapenzi?"

"Kikao ni Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni. Ni kusoma sheria na kuipigia kura."

"Umesahau kuandika 'mpenzi wangu Dwight' pale juu."

"Litabandikwa hapa kwenye nguzo," Verlene akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Halafu akasimama akamtazama, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumharibikia. Dwight alikuwa anakunja hema. Alikuwa amepiga goti moja, lile la upande mzima, na ule mguu mwingine ameunyoosha pembeni kama ubao. Anavuta kigingi kimoja, anapumzika. Anajiburuta hadi kingine. Jasho linamtoka na asubuhi yenyewe ina baridi. Verlene akainama amsaidie, Dwight akamzuia kwa mkono.

"Acha. Ukinisaidia leo, kesho je?"

"Huwa unaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Nikiwa na bahati, saa moja kasorobo nimemaliza. Halafu naubeba mzigo mpaka maktaba, nakaa. Usiku naanza tena kulisimamisha." Akafuta uso. "Kwa muda nimevumilia. Ila hii ya Jumanne ikipita kuwa ya kudumu, Verlene, mimi sitaweza. Nitahamia kule chini ya daraja la barabara kuu, nje ya mpaka wa mji. Kule hakuna wa kuniamsha."

"Kule maji yanaingia, Dwight. Kila msimu wa baridi yanaingia."

"Najua yanaingia. Nimelipita daraja lile miaka ishirini na tisa."

Verlene akabandika tangazo lake akaenda kazini. Wiki nzima akawa anapitia pale saa kumi na moja alfajiri, gari limezimwa taa, anatazama saa yake. Hakuna hata siku moja Dwight alipomaliza chini ya saa nzima na nusu. Nyumbani alikuwa na sheria yenyewe, kurasa kumi na nne, ameichapa kwa mikono yake, na kifungu cha nne kilikuwa kinasema vilevile: saa moja asubuhi, kila kitu kiwe kimeondolewa. Alikisoma mara ngapi sijui. Alimpigia simu Marcy Idaho, wakaongea habari za paka.

Jumanne ikafika. Jumanne hiyo ilikuwa siku nne kabla ya Sikukuu ya Cheri, ya kusherehekea mavuno ya yale matunda madogo mekundu, na asiye wa hapa hawezi kujua maana yake. Gwaride linapita Barabara Kuu Jumamosi asubuhi, na kila familia ina mahali pake pa kukaa tangu babu. Kwa hiyo kuanzia Jumapili watu wanatandika mablanketi kando ya barabara, wanayabana kwa mawe na viti, wanaandika jina la ukoo, wanaondoka. Siku sita yanakaa pale peke yake. Hakuna anayeyagusa. Unaweza kumwibia jirani yako mume katika mji huu na ukasamehewa, lakini blanketi la gwaride, thubutu! Basi jioni ile madiwani na wananchi wote walifika kikaoni wakiruka mablanketi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza lolote.

Meya wetu, Lyle Hendershot, muuza matrekta, mtu mwema mwenye haraka, akauliza, "Kuna pingamizi tukisoma kichwa tu?"

Kidole cha Ione kikapanda. "Isomwe yote."

"Ione, jamani, kurasa kumi na nne!"

"Nimeshakaa. Isomwe."

Verlene akaanza. Sauti yake ya kusomea ilikuwa ya tambarare, haipandi wala haishuki, ukiwa nyuma unaweza kusinzia, na wengi tulisinzia. Kifungu cha pili, maana ya maneno. "Kambi ni mahali popote pa umma ambapo mtu ametandika tandiko, mkeka, blanketi, kiti, au kitu kingine cha namna hiyo, na kukiacha hapo kwa zaidi ya saa moja, mwenyewe akiwepo au asiwepo..."

"Subiri kidogo," mtu akasema nyuma.

"Mwenyewe akiwepo au asiwepo?" mwingine akadakia.

"Sasa mbona hilo ni blanketi langu!"

Ukumbi ukalipuka. Kumbe ile sheria waliichukua kwa mji mwingine, na mji huo hauna Sikukuu ya Cheri. Mtu akapiga kelele kwamba meya mwenyewe blanketi lake liko mbele ya duka la vifaa tangu Jumapili, la kijani, amelibana kwa tairi la trekta, kamateni huyo! Lyle akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Blanketi langu halimsumbui mtu!" akasema. "Limekaa tu pale! Linashika nafasi. Mtu anataka akirudi akute nafasi yake ipo, kuna ubaya gani hapo?"

Dwight alikuwa ameketi mstari wa mwisho, mguu wake umenyooka kwenye njia. "Hayo hayo ndiyo niliyomwambia jaji, Lyle," akasema.

Tukacheka. Haki ya Mungu tulicheka, halafu kicheko kikakauka chenyewe.

Diwani Randall Stroud, mwenye hilo duka la vifaa, akataka iongezwe kwamba blanketi la sikukuu ni ruhusa. Mwanasheria wa mji, Bwana Trask, akaruka kwenye kiti. "Hapana, hapana, hapana. Ukiandika kwamba blanketi la mmoja ni sikukuu na la mwingine ni kosa, tutarudi kwa jaji kabla cheri hazijaisha mitini."

"Basi futeni hayo maneno yote," Stroud akasema. "Mablanketi yatoke kwenye sheria. Andikeni hema tu. Hema libaki, saa moja asubuhi liwe limeondoka. Imekwisha."

Trask akafikiri. "Hiyo inawezekana."

Ona sasa. Ilituchukua dakika tatu kuyaokoa mablanketi. Watu walishusha pumzi, mwingine akapiga makofi. Lyle akasema kabla ya kura, kama kuna mwananchi mwenye la kusema aje mbele, dakika tatu, aanze na jina na mtaa. Hakuja mtu. Dwight alitazama kofia yake. Akasema baadaye kwamba alishasema kwa jaji na hakuwa na nguvu ya kusema tena.

Kalamu ikawekwa mezani. Tuliisikia mpaka nyuma. Verlene akasimama, akazunguka ile meza ndefu, meza aliyokuwa akiikalia upande mmoja tu kwa miaka thelathini na mmoja, akaja kusimama kwenye kipaza sauti cha wananchi.

"Verlene?" Lyle akasema. "Una nini?"

"Jina langu ni Verlene Tuttle. Nakaa Mtaa wa Tatu."

"Tunajua unakokaa... Sasa nani anaandika?"

"Andika wewe, Lyle. Kalamu iko pale."

Na meya, nakwambia, akaichukua.

"Inamchukua Dwight karibu saa mbili kukunja hema lake," Verlene akasema. "Nimemtazama asubuhi sita, nikiwa na saa mkononi. Anaanza kabla jua halijatoka, kwa sababu mguu haukunjiki. Mwaka ule wa mvua ya barafu, basi lilikwama kwenye mlima wa Skinner na watoto kumi na mmoja ndani. Marcy wangu alikuwa na miaka minane. Randall, binti yako alikuwa kiti cha nyuma yake. Saa tano nzima walikaa mle, na Dwight akavua koti lake na soksi zake, soksi, jamani, akawavalisha. Halafu akamfikisha kila mtoto mlangoni kwa mguu, juu ya barafu. Alipofika kwangu nilimpa kahawa, akakataa, akasema bado wawili. Mimi sikupata kumlipa kwa hilo. Nimekuja kumbandikia matangazo." Akakishika kipaza sauti. "Nimeandika maneno ya watu wote waliowahi kusimama hapa. Mengine yalikuwa ya kijinga sana, nikayaandika vizuri. Leo nina maoni. Mtu asiyeweza kukunja hema lake mwachieni hema lake. Ni hilo tu. Asanteni."

Alitumia dakika moja na nusu. Akabaki amesimama pale pale, hajui arudi upande gani.

Trask, ambaye hata hatumpendi, alishaanza kuandika. Akasoma alichokiandika: mtu asiyeweza kufungasha kwa sababu ya umri, ugonjwa au ulemavu hatalazimishwa kuondoa hema lake katika uwanja uliotengwa. "Jaji hatakuwa na neno juu ya hili," akasema. "Nadhani hata atashangaa."

Kura zikapigwa juu ya sheria yote pamoja na maneno hayo. Ione, ndiyo. Mwenzake wa kulia, ndiyo. Wawili wa upande wa pili, hapana, na mmoja wao alikuwa Stroud, ambaye alisema hapana akiwa ameangalia meza, na siku mbili nzima hakuonekana dukani kwake. Mbili kwa mbili. Kwetu meya hapigi kura ila zikilingana.

Lyle alikuwa bado ameshika kalamu ya Verlene. Alitazama alichokuwa ameandika, akakuna shingo. "Sikupata yote," akasema. "Uliongea haraka." Akaiweka kalamu mezani. "Ndiyo. Kura yangu ni ndiyo. Na sheria inaanza kutumika leo hii, kabla sijabadilisha mawazo."

Ilipita, lakini haikuwa imekwisha. Kidole cha Ione kilikuwa juu tena.

"Imebadilika," akasema. "Iliyobadilika inasomwa upya. Yote."

Siku nyingine yoyote tungeondoka. Tuna ng'ombe, tuna vyungu jikoni, na kiyoyozi cha ukumbi ule kilishakufa. Hakuondoka mtu. Verlene akarudi kwenye kiti chake akasoma kurasa kumi na nne tangu mwanzo, sauti inakwaruza, na alipofika kifungu cha nne ile sauti ya tambarare ikamshinda. Alisoma "hatalazimishwa" akakwama. Akanywa maji. Akairudia sentensi yote tangu mwanzo, polepole, kama anamsomea mtu mmoja, na meya hakumharakisha.

Kikao kilipofungwa watu walimzunguka, wakimshika mikono, wakimwambia kumbe unaongea, tena vizuri. Aliwaitikia wote bila kuwasikia. Alikuwa anamtazama Dwight anavyojivuta kuja mbele, kiti kwa kiti.

"Sasa, bibi karani," Dwight akasema alipofika. Alitaka kuleta utani wake lakini mdomo haukumtii. "Nieleze mimi mjinga. Kesho saa kumi na moja alfajiri natakiwa nifanye nini?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Lala, Dwight."

Akainamisha kichwa. "Nitaamka tu," akasema. "Mwili umeshazoea."

"Amka basi," Verlene akasema, naye machozi yanamtoka hadharani mbele yetu sote. "Halafu ujigeuze upande wa pili."